Fukueni Ule Mgomba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia tu, usiogope, marehemu hawaandiki barua. Anayekusomea ni dada Devota, na mwandiko wangu mbaya anaujua tangu tukiwa shule hapo Keza. Kifua chako kinaendeleaje? Na migomba, mnyauko umepungua?

Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto haunyooki. Huku Moroko tunachimba mlimani mdudu wa baharini aliyegeuka jiwe. Wanamwita trilobiti. Ana pingili kama jongoo, na kichwa kama mwezi mwandamo. Tajiri anasema aina hii ni ya mwanzo kabisa, enzi ambazo hapa palikuwa bahari na nchi kavu haina hata jani. Wamekwisha wote.

Shimo letu liliporomoka. Mwenzangu alifia humo amevaa koti langu, nilimpa asubuhi ile kwa kuwa alikuwa na homa. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa koti hilo. Ndiyo maana mkaambiwa ni mimi. Nilikuwa nimelazwa, mguu umevunjika, sijui lolote.

Nilipopata nafuu niliazima simu ya Mrundi tunayechimba naye, nikampigia shemeji, mume wa Devota.

"Shemeji, ni mimi Leonsi."

"Leonsi yupi? Wa kwetu tumemzika."

"Mmezika nini?"

"Mgomba. Tena mnene, watu walilia sana. Sasa wewe pumzika, usimsumbue mama."

Akakata.

Sikukasirika, mama. Mwili haukuja, mkafuata desturi, mkazika mgomba badala ya mtu. Ila namjua baba mdogo. Atasema aliyekwisha kuzikwa haingii tena mlangoni. Hilo naliogopa kuliko shimo. Nikikataliwa hapo nyumbani, niende wapi?

Huyo Mrundi anarudi kwao, atapitia Ngara. Nimempa barua hii na jiwe moja la mdudu yule. Litazame kichwani, limefunguka kwa mbele. Ya namna hiyo tajiri huyatupa, hayana mnunuzi. Anasema, "Huyu hakufia hapa. Alijivua gamba akaenda zake." Mwonyeshe baba mdogo, alishike kwa mkono wake.

Kisha fukueni ule mgomba. Shimo liacheni wazi, nitakuja kulifukia mwenyewe. Nisipofika, mtakuwa mmepunguziwa kazi ya kuchimba.

Msalimie mke wangu, mwambie nywele alizonyolewa kwa msiba aziache ziote. Devota namshukuru kwa kusoma, asiruke neno. Na shemeji pia, ingawa nataka kujua mgomba ule aliukata shambani kwa nani.

Mwanao, bado niko juu ya ardhi,
Leonsi