Picha Niliyomsimulia Mama Mkwe

Jumatatu, 1967, baada ya Isha

Kihindi sikijui hata neno, lakini leo nimeiliza nyumba nzima kwa picha ya Kihindi.

Mama mkwe yumo edani tangu baba mkwe afariki, hatoki. Basi jana nilikwenda sinema peke yangu, onyesho la wanawake, na leo Alasiri nikamsimulia tangu mwanzo. Ndugu wawili wanagombea nyumba ya marehemu baba yao mpaka wanajenga ukuta katikati ya ua. Mama yao anabaki na sahani mkononi, hajui akale upande gani.

Hapo Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. "Ngoja kwanza, mwanangu," akasema.

Mume wangu, Salum, alikuwa barazani, chini ya dirisha letu, anajifanya anasoma gazeti. Yeye husema picha hizi ni upuuzi. Tangu mazishi hasemezani na mdogo wake anayekaa hapa hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, kisa ile nyumba ya Bububu waliyoachiwa na baba yao. Mama chakula hakimpiti kooni, na mimi naogopa tutazika mara ya pili.

Nilipotoka nje Salum akaniuliza, macho yake yakiwa gazetini, "Mwisho nani alimwendea mwenziwe?"

"Mkubwa," nikamjibu.

Akakunja gazeti, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga. Sasa hivi nawasikia yeye na mdogo wake chumbani kwa Mama, na Mama anaomba aongezewe wali.

Kwenye picha alikwenda mdogo. Mungu anisamehe, lakini mwisho wangu mzuri kuliko wao.