Koti Lako Nimelifua

Kwako Baba Mapacha,

Sisi hatujambo. Mapacha wana mafua, lakini kelele hazijapungua.

Ile laptop bado haiwaki. Ukiibonyeza inaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi, kisha kimya. Najua ulisema nisihangaike, niiuze kama chuma chakavu, tutanunua nyingine. Lakini picha za mapacha tangu wanazaliwa zimo humo, kwa hiyo juzi nilimpelekea fundi. Nikamsihi asifute kitu. Akacheka, akafungua mfuniko wa chini, akaacha kucheka.

“Mama, nifute nini? Humu hamna diski. Kuna mtu ameichomoa.”

Nikamwambia kwetu hakuna anayejua kushika bisibisi. Wewe hata betri za rimoti nakuwekea mimi. Nikarudi nyumbani nikiwaza: mwizi gani anaiba diski na kuacha laptop, tena anarudishia skrubu zote?

Halafu nikakumbuka koti. Umepiga simu mara ngapi kuliulizia, nimpe mdogo wako akuletee, na nisilifue? Wewe, ambaye shati likiwa na doa la chai nyumba haikaliki!

Koti nimelifua, Baba Mapacha. Mdogo wako anakuja nalo kesho. Mifuko niliikagua kwanza, kama kawaida yangu. Diski iko kwa fundi, anasema ni nzima na kila kitu kinasomeka. Ananisubiri nikatazame.

Nitaanza na picha za watoto.

Ni mimi mkeo, hadi sasa,
Mama Mapacha