Shahidi wa Saba

Kitui, Jumatano

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za watoto. Sisi tu wazima, na kikohozi cha Mbinya kimepungua. Natumaini goti lako limetulia na kwamba miwani mipya inakufaa, maana utaihitaji kusoma barua hii yote. Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako huipokea yeyote aliye karibu nayo, na haya ni yako peke yako. Nimemwomba Muli, dereva wa kanisa letu, akukabidhi mkononi.

Unamkumbuka Daktari Kasyoki, yule mama mpole wa chuo chetu aliyekuja huko Makueni mwaka jana kuwauliza habari za mchanga unaochotwa mtoni bila kibali. Ni mimi niliyemleta kwako. Ulikataa kuzungumza, nami nikakubembeleza, nikakuahidi kwamba maneno yako yatafungiwa mahali ambapo hakuna atakayeyaona isipokuwa yeye na wenzake watatu. Ndipo ukamwambia yote: namba za malori, siku yanapokuja, na jina la mwenye nayo.

Mahali penyewe panaitwa wiki. Ni jina tu, usidhani ni wiki ya siku. Ni kama daftari kubwa ndani ya kompyuta ambalo walimu wengi huandika na kusahihisha pamoja, na kila ukurasa una watu wake wanaoruhusiwa kuufungua. Chuo kiliniweka niongoze kamati ya kuchagua programu ya kuendesha wiki hiyo. Tulijaribu mbili. Moja ilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya siri. Nyingine ilitengenezwa ili kila mtu asome kila kitu, na makufuli yake yalibandikwa baadaye. Hiyo ya pili ndiyo niliyoizoea tangu nikiwa mwanafunzi.

Ndunge, msichana tuliyekuwa tumemwajiri siku chache kabla, alisema mbele ya kamati kwamba hata walioitengeneza wameonya isitumiwe kuficha mambo. Akaeleza kwamba kufuli linafunga ukurasa wa leo tu, lakini nakala za zamani za ukurasa huohuo zinabaki wazi kwa yeyote mwenye akaunti ya chuo. Wewe unanijua, Mwaitu. Sipendi kusahihishwa, na kusahihishwa na mtoto wa juzi kulinichoma. Nikasema nimeitumia programu hiyo miaka kumi na sihitaji wa kunifundisha. Kamati ikanifuata.

Sasa Daktari Kasyoki alikuwa ameandika jina lako kamili na kijiji chetu, kisha siku hiyohiyo akalifuta na kuweka Shahidi wa Saba. Alidhani limefutika. Nakala ile ya kwanza ilibaki palepale.

Siku moja Kimeu, bwana wa stoo yetu, alisimama mlangoni pa ofisi yangu akaniuliza mama anaendeleaje, na kama bado anashuka mtoni peke yake asubuhi. Nilimjibu vizuri tu, kama mtu anavyojibu salamu. Alipoondoka ndipo nilipokumbuka kwamba sijawahi kumwambia kwetu ni wapi. Nikafungua orodha ya waliosoma ukurasa wako. Jina lake lilikuwemo mara tisa. Mwenye malori ni mjomba wake.

Na juzi uliponiambia kwamba asubuhi umemkuta mbwa amekufa, ukasema lazima amekula sumu ya panya kwa jirani, mimi nilikuaga haraka nikakata simu. Niliogopa sana.

Kuna jambo bado sijakwambia. Kimeu hakuja jana, Mwaitu. Alikuja siku kumi na mbili zilizopita. Ningemwambia Daktari siku ileile, nikakwambia na wewe, lakini chuo kilikuwa karibu kunithibitisha kuwa mkuu wa idara, na niliona aibu Ndunge ajue alisema kweli. Nilizifuta zile nakala kimyakimya, nikajidanganya kwamba yamekwisha. Barua ya cheo niliipata jana. Leo asubuhi Daktari amepigiwa simu kwamba mzee Nzuki wa ng'ambo ya mto hajaonekana tangu Jumapili. Yeye alikuwa Shahidi wa Nne. Nimemweleza Daktari kila kitu, naye amekwenda polisi.

Kwa hiyo kesho usishuke mtoni. Ukimaliza kusoma, chukua dawa zako, funga nyumba, uingie kwenye gari la Muli akupeleke Migwani kwa shangazi Kavindu. Majirani usiwaage.

Leo nimesoma ushuhuda wako wote kwa mara ya kwanza. Mwishoni Daktari alikuuliza kama huogopi. Ulimjibu kwamba huogopi, kwa sababu mwenye funguo ni mwanao.

Utanisamehe ukiweza, lakini kwanza panda gari. Msalimie shangazi na wote wa Migwani.

Mimi mwanao,
Kaloki