Kipande Kilichoachwa Wazi

Kalamba, 4 Novemba 2024

Binti yangu Kathini, wajina wa mama yangu,

Hujambo huko Mwingi? Mama mkwe wako hajambo? Mamako na mimi tu wazima, ila goti langu linalalamika.

Mvua imeanza. Kalamba nzima imepanda, isipokuwa kipande ulichoniambia nikiache kwa ajili ya vitunguu saumu vyako. Jana baada ya ibada jirani yetu Kiilu aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, siku hizi unalima vumbi?" Shamba tupu wakati wa mvua ni la mvivu. Nimjibu nini?

Baba yako.

Mwingi, 11 Novemba 2024

Baba, shikamoo. Pole kwa goti.

Mwache Kiilu acheke. Kitunguu saumu hutaka baridi ndipo kifanye kichwa. Ukikipanda sasa, joto la Januari litakikuta, utavuna majani. Ngoja Mei, mvua ya masika ikiisha. Tutamwagilia kwa maji ya kisima. Tafadhali, Baba. Nimewaahidi akina mama wa kanisa letu kwamba mbegu zao zitatoka kwako.

Mwanao Kathini.

Mwingi, 20 Januari 2025

Baba, shikamoo. Umenyamaza, goti limezidi? Akina mama wanataka kuliona shamba baada ya Pasaka, kabla hatujapanda. Niwaambieje?

Mwanao Kathini.

Kalamba, 2 Machi 2025

Binti yangu, natumaini u mzima. Goti halijambo. Silo lililoninyamazisha.

Nilipanda. Kiilu alikuja na wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana shambani, wakalima wakiimba, nami nikawapa chai kama mtu mwenye akili. Leo nimeng'oa: majani marefu, na chini kijitunguu kisicho na punje hata moja. Mamako amevitia mchuzini kama vitunguu vya kawaida. Afadhali angenicheka. Usiwalete wale akina mama. Sina uso wa kuwapokea.

Baba yako.

Mwingi, 10 Machi 2025

Baba, shikamoo. Barua yako imenitia haya, wala si kwa ajili yako.

Nami nilipanda Novemba, wiki ileile niliyokukataza. Mama mkwe alisimama langoni akauliza kama mkaza mwana huyu aliolewa ili atazame mvua. Nikachukua jembe. Nimevuna majani kama wewe, nikawa nakutegemea wewe uniokoe. Nimebakiza vichwa vichache vya mbegu ambavyo sikuvipanda, nimevitundika penye kivuli. Nivilete?

Mwanao Kathini.

Kalamba, 14 Aprili 2025

Binti yangu, hujambo?

Vilete, na akina mama uje nao. Mvua inanyesha na majirani wanapanda ndengu. Kipande chetu ki wazi. Kila asubuhi naketi kando yake na mwavuli wangu, ili apitaye asiulize shamba hili ni la nani. Leo Kiilu ameniuliza ninangoja nini. Nimemwambia, "Baridi." Amecheka mpaka akashika tumbo.

Nimemwacha acheke.

Baba yako.