Dawa Iliyo Kwenye Fimbo ya Mutinda

Wamunyu, Machakos
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Kaka Charo,

Nadai kwamba Mutinda, bingwa wa pool wa Machakos, si mchawi wala mlaghai; kwamba jina lake limeondolewa kwenye mashindano yenu ya Malindi kwa sababu ya neno moja lililoeleweka vibaya; na kwamba neno hilo niliwaandikia mimi mwenyewe. Hayo ndiyo nitakayoyatetea hapa, na sitatoka nje yake isipokuwa kwa salamu.

Salamu zenyewe nimezichelewesha, najua. Mama angekuwa mbele yangu angenirudisha mlangoni nikabishe hodi upya. Basi nabisha: hamjambo nyote? Goti la Mama limetulia, au bado anashuka vidato kwa upande mmoja? Paa la duka lilizibwa kabla ya mvua? Mimi ni mzima. Baridi ya huku mwezi huu ni ya kulala na soksi. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, niliyokulalamikia nilipofika, sasa nikikaa siku mbili bila kuyaona huuliza jikoni kuna nini. Wanafunzi wangu wa fizikia wameniita Mwalimu Redio, kwa kuwa, wanasema, nazungumza kama msoma taarifa ya habari. Nimelipokea jina hilo. Kuna walimu hapa walioitwa vibaya zaidi.

Nimechagua karatasi kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza. Ujumbe wa simu husomwa mtu akiwa amesimama. Hii nataka uisome umekaa.

Mutinda ni mchonga vinyago. Ana miaka arobaini na kitu, mrefu, mkimya, na mkono wake wa kushoto una kovu la tezo. Asubuhi hadi alasiri huchonga katika karakana ya pamoja na wenzake. Jumamosi baada ya chakula cha mchana huenda ukumbi wa pool ulio nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akiwa amebeba mfuko mrefu wa gunia ulioshonwa na mkewe. Siku ya kwanza kumwona nilidhani amebeba miwa. Akatoa fimbo nne, hakuna iliyofanana na mwenzake: moja ya mpingo, nyeusi na fupi, moja ya mukau, mti wa huku, moja iliyounganishwa vipande vitatu vya miti mitatu, na ya nne yenye ncha ya pembe ya ng'ombe. Kisha akatoa twiga.

Ndiyo, Kaka, twiga wa kuchongwa, urefu wake kama mkono hadi kiwiko. Mpira mweupe ukiwa mbali, mahali ambapo sisi hulala juu ya meza tukiinua mguu mmoja, Mutinda humsimamisha twiga wake juu ya kitambaa na kuipitisha fimbo katikati ya pembe zake mbili. Nilicheka kwa sauti. Hakuna mwingine aliyecheka. Fundi cherehani aliyekuwa akicheza naye aliniambia, "Cheka sasa, Mwalimu. Ukimaliza angalia meza." Nilipoangalia, mpira mweusi ulikuwa umeshaingia shimoni.

Tangu siku hiyo sijakosa Jumamosi hata moja. Wewe wanijua: sipendi kumsifu mtu nisiyeweza kueleza kwa nini namsifu. Nimefikiri, na sababu yangu ni hii. Mabingwa wote niliowahi kuwaona, wewe ukiwemo, wakishapata fimbo iliyowapa ushindi huishikilia kama cheti cha kuzaliwa. Mutinda huiacha. Akishinda sana na fimbo moja huiweka darini na kuanza nyingine, na wiki za mwanzo za fimbo mpya hushindwa na kila mtu, mchana kweupe, mbele ya watu wanaomwita bingwa. Hushindwa na makanga, hushindwa na muuza mayai. Wanamwimbia. Mmoja alimwambia, "Fundi, rudi kwa vinyago, hizo haziongei na hazikushindi!" Akajibu bila kuinua kichwa, "Ngoja. Hii mti bado inanifundisha."

Sasa niambie, Kaka, mlaghai yupi huchagua kushindwa?

Niliwahi kubishana naye, naam. Alikuwa amepachika kipande cha chuma sehemu ya mbele ya fimbo ili iwe nzito kichwani. Nikamweleza, kwa utaratibu na kwa mchoro juu ya pakiti ya unga, kwamba uzito ukikaa mbele mkono utachoka na shabaha itapotea. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hiyo kitabu yako imewahi kucheza hapa?" Ukumbi mzima uliangua kicheko, na sikusamehe upesi. Jumamosi hiyo alishindwa michezo yote. Jumamosi iliyofuata alikuwa ameusogeza uzito nyuma kwa upana wa vidole vitatu, akashinda yote. Nikamwambia basi nilikuwa sahihi. "Ulikuwa sawa," akasema, "lakini ulisema mbio sana. Mimi nilitaka kujua ni vidole ngapi." Nina shahada, Kaka, na nimesoma vitabu ambavyo hapa sina wa kuzungumza naye kuvihusu, lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwa sentensi mbili tofauti kati ya kujua jambo na kulipima.

Nafika sasa kwenye dawa.

Katika karakana za hapa, dawa ni kitu kimoja tu. Mti uliokatwa karibuni huingiwa na wadudu wanaotoboa vijishimo vidogo kama vya sindano, na kinyago kilichotobolewa hakina mnunuzi. Kwa hiyo kila mchongaji ana kopo la mafuta ya taa na kitambaa, na kopo hilo limeandikwa kwa rangi DAWA. Mutinda huchanganya yake na nta ya nyuki anayoipata kwa shemeji yake mwenye mizinga, ili fimbo iteleze vizuri kati ya vidole. Fimbo ikishapakwa husema imetiwa dawa. Kinyago hutiwa dawa, kigoda hutiwa dawa, hata mlango wa choo cha karakana nimeushuhudia ukitiwa dawa. Baada ya mwaka mmoja hapa nami nilikuwa nimelizoea neno hilo kwa maana ya huku, na nikasahau kabisa kwamba ninyi hamkuwa hapa.

Ndipo mlipokubali jina lake kwenye mashindano, nami kwa majivuno nikaandika kwenye kundi la familia: "Jiandaeni. Mutinda hatoki nyumbani kabla fimbo haijatiwa dawa, na ikishatiwa dawa hapati mpinzani." Nilidhani nimeandika mzaha mtamu. Wewe, kama mwenyekiti wa klabu, ukausoma ukumbini. Siku hiyohiyo ukanitumia sauti yako: "Mdogo wangu, asante kwa kutuonya. Watu wa dawa hatuwataki kwenye meza yetu. Nimetangaza mbele ya wote, na jina lake nimelifuta. Ukambani tunakujua."

Nimeisikiliza sauti hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Kosa la kwanza ni langu, na nalikiri bila kulipunguza: mtu anayejisifu kwa Kiswahili chake ameandika sentensi isiyoeleweka kwa kaka yake mwenyewe. Lakini kosa la pili ni lako. Hukuuliza. Ungeuliza "dawa gani?" tungemaliza kwa maneno mawili. Na hayo ya "Ukambani tunakujua", Kaka, tunasema sisi? Sisi watu wa Malindi, ambao nilipofika chuoni mwenzangu wa chumba kimoja alikataa kunywa chai yangu wiki nzima akihofia uchawi, kwa sababu nimetoka Pwani? Ulikasirika nilipokusimulia habari ile. Ulisema mtu yule ni mjinga. Nakuomba uyapime maneno yako kwa kipimo ulichompimia yule.

Ilinilazimu kwenda kumwambia Mutinda. Nilimkuta kwake, jikoni, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nililoliharibu. Fimbo mpya ilikuwa imelazwa juu ya sufuria ya muthokoi inayochemka, mvuke ukiipanda. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Mwalimu, ongea na rafiki yako," mkewe akasema. "Hii jiko ni ya chakula. Tangu Jumatatu tunakula kitu iko na harufu ya mbao."

"Malindi iko na hewa ya maji," Mutinda akasema. "Si wewe uliniambia? Ati milango huko inavimba. Basi hii nataka ivimbie hapa, nione inapinda wapi, niitoe hiyo kasoro kabla tufike."

Kaka, alikuwa akiipika bahari ya Malindi kwenye sufuria yake. Hajawahi kucheza nje ya Machakos. Hajawahi kuiona bahari. Kwa majuma sita, tangu tulipowapelekea jina lake, alikuwa akichonga fimbo kwa ajili ya hewa ya mji ambao tayari ulikuwa umemfukuza, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikiwa na habari hizo kinywani.

Nikamwambia yote. Mkewe akashusha mwiko. Mutinda aliiondoa fimbo kwenye mvuke, akaifuta taratibu kwa shati lake.

"Nani aliwaambia mambo ya dawa?"

"Mimi."

"Uliwaambia ni ya dudu?"

"Sikusema."

Akaiegemeza fimbo ukutani. "Mwalimu, wewe uko na Kiswahili mingi mpaka inakuletea shida." Mkewe akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi mzee wa kanisa," Mutinda akaendelea. "Hiyo maneno ikirudi hapa Wamunyu kwamba nilifukuzwa Malindi juu ya uchawi, nitasimama wapi Jumapili? Kushindwa nimezoea. Nilishindwa hata na muuza mayai. Lakini hiyo ingine siwezi."

Hilo ndilo lililoko mezani, Kaka. Kikombe cha ushindi hakimo. Ulitamka neno mbele ya watu, na watu hao wana jamaa Machakos, na neno husafiri bila nauli. Leo baada ya ibada alisimama kando ya wenzake kama kawaida, lakini nilimwona akiwatazama nyuso mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta nani ameshasikia.

Sasa naweka hoja zangu pamoja. Sheria za klabu yako, ulizonitumia mwenyewe ili nizisahihishe tahajia, zinasema mchezaji anaweza kuja na fimbo yake mradi ikaguliwe na mwamuzi kabla ya mchezo. Haikukaguliwa, ilihukumiwa ikiwa umbali wa safari ya kutwa. Pili, fimbo hiyo yenye dawa nimeichezea mimi, kwa ruhusa yake, nikashindwa na fundi cherehani kwa aibu kubwa. Kama dawa ile ingeleta ushindi, ingeanza na mtu aliyeuhitaji kuliko wote. Tatu, yeye huwapa wapinzani wake fimbo waishike, waipime, waicheze wakitaka. Mwenye siri hafanyi hivyo.

Utasema: na twiga je? Hapo nakubali una hoja. Nimezisoma sheria zenu na sioni pahali panapokiruhusu kifaa chenye miguu minne. Nimemwambia Mutinda, akanung'unika, lakini amekubali twiga abaki nyumbani. Sitetei kila kitu. Natetea kilicho kweli.

Ndani ya bahasha nimetia kipande cha kitambaa kilichochovywa kwenye kopo lake. Kipitishe kwa wajumbe wa kamati, mmoja mmoja, wakinuse. Shangazi mwenye kuuza mafuta ya taa atakitambua kabla hajakishika.

Nisalimie Mama, na umwambie soksi nilizonunua ni za sufu, asiwe na wasiwasi. Nisalimie shangazi huyo, na dada yetu mdogo anayesubiri matokeo yake. Na shemeji, mume wa dada mkubwa, aliyenifundisha kushika fimbo kabla hujakubali kunifundisha wewe. Mke wako mwambie nimepokea picha za mtoto na kwamba pua ni ya kwetu, asibishe.

Kisha unijibu. Usinijibu mimi peke yangu, wala usinitumie sauti ya kunong'ona saa ya kufunga duka ukiniambia nimeeleweka, kwa kuwa hukumfuta Mutinda kwa kunong'ona. Ulisimama. Basi simama tena Ijumaa, kabla ya droo, wachezaji wote wakiwepo, uisome barua hii pamoja na pale nilipokukosoa na pale nilipojikosoa, na useme mbele yao kama mtu huyu ni mchawi au si mchawi. Ukisema si mchawi, liandike jina lake. Ukisema ni mchawi, sema ulijuaje. Mutinda ameomba jambo moja tu: lolote utakalosema, lirekodiwe, alipeleke kanisani.

Ndimi mdogo wako,
Kahindi