Mwili wa Makombo

4 Mei

Binti yangu kitindamimba,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Picha yako imefika. Lo, mashavu hayo! Nimeitembeza sokoni kote. Fundi viatu kasema, “Mama, sasa umeula!” Baba yako mdogo kaitazama mpaka chai yake ikapoa. Njoo basi, wakuone wale waliotucheka.

Mama yako

19 Mei

Shikamoo mama,

Pole na magoti. Mama, ifiche hiyo picha, nakuomba! Huku wenye pesa ndio wembamba. Asubuhi wanakimbia barabarani na hakuna anayewafukuza. Sisi wa kiwanda cha biskuti tunashindia zile zilizovunjika na chai yenye sukari tele, ndicho chakula tunachopewa. Mboga hatuziwezi bei. Miguu imevimba, daktari kasema nina kisukari. Jana nyapara kanichapa tumboni kwa mkanda wa mashine kwa kuwa sipenyi tena kati ya mitambo. Nataka kuja kuugulia kwako.

Kitindamimba wako

8 Juni

Mwanangu,

Unaendeleaje na hiyo miguu? Anayeniandikia ni fundi viatu, mkono wangu umevunjwa. Baba yako mdogo alikuja na wanawe wawili. Akauliza, “Mwenye mwili ule anakutumia nini?” Nikamwambia mwanangu anakula makombo. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakapasua godoro, wakachimba sakafu, wakanipiga mchi. Nami nilimng'ata baba yako mdogo sikio, kipande kikabaki mdomoni. Mshenzi mkubwa! Kasema atakungoja wewe mwenyewe.

Mama yako

21 Juni

Shikamoo mama, pole sana,

Nimelia mpaka macho yameuma. Leo nyapara kainua tena mkanda wake, nikamwona baba mdogo usoni mwake. Nikamtandika trei ya chuma, nikarudia, meno yakaanguka kwenye biskuti. Nimefukuzwa kazi, na polisi wananitafuta. Tarehe thelathini napanda basi. Nitasimama mbele ya baba mdogo nimweleze unene huu umetoka wapi. Mimi damu yake, atanisikia.

Kitindamimba wako

27 Juni

Mwanangu,

Sikuulizi hali, nisamehe. Barua hii nampa dereva wa lori, nimemwapisha ikufikie kabla hujapanda basi.

Jana mama mmoja alishuka stendi, mgeni, mnene kama wewe. Wana wa baba yako mdogo walikuwa wanangoja hapo, kama kila siku. Walimwita kwa jina lako, na yeye, maskini, akageuka tu kutazama nani anaitwa. Wakamkata panga shingoni mchana kweupe, watu wakikimbia. Nilifika nikadhani ni wewe, umewahi kuja. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, nikapiga yowe, mpaka nilipomgeuza uso.

Alikuwa mpishi, kaja kutafuta kazi. Mkobani walikuta nusu mkate.

Sasa wanajua wamekosea mtu, na wamerudi stendi. Polisi wamekuja wakaondoka. Nilikuwa nakuombea unenepe, mwanangu, tangu ukiwa mgongoni. Usije. Hata ukisikia nimekufa, usije kunizika.

Mama yako