Samaki wa kwanza wa fimbo ya Bi Zuhura

Jumamosi, jioni. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, jua likatoka kwa hasira. Sasa ziwa limetulia. Mimi sijatulia.

Nina wivu. Nimeshaandika, haya, nani atanifanya nini?

Wivu wa mume nilimalizana nao, mume mwenyewe yuko kaburini. Huu ni wivu wa Tupokigwe, jirani yangu. Na tena ni wivu wa fimbo ya kuvulia. Usicheke. Ukifika umri wangu utaona vitu vinavyouma.

Tupokigwe na mimi huwa tunavua kila Jumamosi, pale kwenye mawe ukitoka Matema kwenda Lyulilo. Hatuvui kwa kuuza. Wa kuuza wapo, wana mitumbwi, nyavu na taa zao. Sisi tunavua kwa raha. Wiki nzima mtu umeinama kwenye mpunga, umepasua kakao mpaka vidole vinanata, Jumamosi unataka kukaa juu ya jiwe, utupe mshipi, useme watu kidogo. Dhambi iko wapi?

Chombo changu ni kopo la maziwa nililozungushia mshipi. Ndoana moja, na nati ya baiskeli ya kuzamishia. Chambo ni mnyoo, nachimba mwenyewe chini ya mgomba. Kutupa si kazi: unazungusha mshipi juu ya kichwa mpaka nati ilie vuuu, unaachia. Inakwenda mbali, watoto wa shule wanashangaa.

Na tuna desturi yetu, ya sisi wawili. Samaki wa kwanza wa Tupokigwe anaingia kwenye chungu changu. Wa kwanza wangu anaingia kwenye chungu chake. Hata awe kama kidole. Hata tukiwa tumenuniana. Mwaka mbuzi wake alipokula mihogo yangu hatukusalimiana mpaka tukavuna, lakini samaki alikuwa anarushwa kwenye ndoo ya mwenzake kimyakimya, kila mtu anatazama kwake.

Ndipo akaja Bi Zuhura.

Bi Zuhura ana duka la vitenge Kyela mjini, kwao asili ni Tanga. Siku za soko huja Lyulilo kununua vyungu vya Wakisi. Zamani alikuwa ananunua, anapakia, anaondoka zake. Tangu mwanawe amletee fimbo mbili za kuvulia haondoki tena, anabaki kuvua. Jumamosi iliyopita nilishikwa na homa, Tupokigwe akaenda kwenye mawe yetu peke yake. Mtu unalala siku moja tu, mwenzako anachukuliwa.

Leo nimefika na kopo langu nawakuta wawili wamesimama. Wamesimama! Sisi tunavua tumekaa. Kila mmoja na fimbo yake. Fimbo mbili, wanawake watatu, hesabu hiyo hata mimi wa darasa la nne naiweza.

Niseme ukweli, fimbo zenyewe ni nzuri. Nyembamba, nyeusi, zinapinda kama unyasi. Chini kuna kigurudumu chenye mkono, ukizungusha kinalia krrr kama panzi. Mnyoo hawataki. Wanafunga samaki wa plastiki aliyechorwa macho, tumbo limejaa ndoana.

Nikasema, "Ugonile, Bi Zuhura. Siku hizi samaki anadanganywa na mdoli?"

Akanijibu, "Salama, Mama Ipyana. Na wewe huyo mnyoo ulimwomba ruhusa?"

Wapita njia wakacheka. Tupokigwe alicheka kuliko wote.

Nikakaa kwenye jiwe letu. Peke yangu.

Sikukaa sana, fimbo ya Tupokigwe ikapinda. Akapiga yowe utadhani kaona mamba. Zungusha, zungusha, akamtoa mbasa, samaki wa wenye mitumbwi, anang'aa kama sahani mpya. Mbasa! Kwa kopo langu sijawahi kumpata mbasa nikiwa nchi kavu. Nikaisogeza ndoo yangu kwa mguu, kidogo tu, mtu asione.

Akamtia kwenye ndoo ya Bi Zuhura.

"Fimbo ni yake," akasema, wala hakunitazama usoni.

Fimbo ni yake. Na kopo la kwanza alilovulia yeye lilikuwa la nani? Nani alimfundisha kufunga ndoana, wakati alikuwa anaogopa hata kushika mnyoo? Nikafunga mnyoo mwingine, nikatupa.

Wakaenda kivulini kula vitumbua vya Bi Zuhura. Wakaniita. Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba.

Fimbo ya Tupokigwe ilikuwa imeegemea jiwe, karibu kabisa na mimi. Nikaitazama. Nikaigusa. Nikaishika. Jamani, ni nyepesi! Mkono wangu uliipenda kabla mimi mwenyewe sijakubali. Nikasema natupa mara moja tu, nione.

Sasa mimi kutupa ninakokujua ni kule kwa kuzungusha juu ya kichwa. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote.

Mdoli ukakamata kilemba changu.

Kikaondoka. Kilemba changu cha maua mekundu, cha kanisani, kikaruka juu ya maji kama kuku aliyefukuzwa, kikatua, kikaelea. Mimi nimebaki kichwa wazi, mvi zote nje, mbele ya akina mama wa Kikisi waliobeba vyungu.

"Mwe bandu, jamani watu! Bibi amevua kitenge!" mmoja akapaza sauti.

"Mpimieni, kina kilo ngapi?"

Bi Zuhura akaja mbio. Nikajua huyu sasa atanimaliza. Hakucheka. Alivua kanga aliyojitanda mabegani akanifunika kichwa, akaifunga vizuri nyuma, kama mtu anayemfunga mama yake. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia kwa raha zangu.

Tupokigwe akachukua fimbo, akazungusha polepole, krrr, krrr, kilemba kikaja kinavutwa kama samaki mzima. Akatoa ndoana moja moja asikichane. Nikanyoosha mkono. Akakikamua maji, akakitupa kwenye ndoo yake.

"Samaki wa kwanza wa Mama Ipyana," akasema. "Huyu ni wangu."

"Tupo, nipe kitambaa changu."

"Desturi ni desturi. Kama unataka, kavue kingine."

Sikutaka kucheka. Nilicheka mpaka nikashika jiwe.

Bi Zuhura akauliza desturi gani, Tupokigwe akamweleza. Yule mama akaitazama ndoo yake. Halafu akamgeukia Tupokigwe, "Kwa hiyo mbasa alikuwa wa mwenzako, na wewe ukanyamaza?" Tupokigwe akaanza kukwaruza jiwe kwa ukucha. Bi Zuhura akamtoa mbasa anipe.

Nikakataa. Samaki akishaingia ndoo ya mtu ameingia. Mimi si ombaomba.

"Basi," akasema, "mimi tangu nianze sijapata hata mmoja. Nikimpata wa kwanza, anaingia chungu cha nani?"

Nikachukua kopo langu nikarudi nyumbani na kanga yake kichwani. Hata ndaga, asante ya kwetu, sikumwambia, na ndaga haina bei.

Sasa nimekaa mlangoni. Kilemba changu nakiona kule kwenye kamba ya Tupokigwe, amekifua, anakiacha makusudi nikione. Kanga ya Bi Zuhura iko hapa kwenye msumari, inanukia udi.

Samaki wa Tupokigwe amekwenda kwa Bi Zuhura. Wangu amekwenda kwa Tupokigwe. Aliyebaki, wa Bi Zuhura, anajulikana anakwenda wapi, sihitaji kuambiwa.

Wivu bado upo, usidhani umekwisha. Kila nikikumbuka walivyosimama wawili unaniwasha.

Lakini Jumamosi nitakwenda. Chungu nimeshakisugua. Ile fimbo sitaishika tena. Nitaishika kidogo tu, na kilemba nitakifunga mafundo mawili.